Bado Uzi Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu amenipa daftari hili asubuhi. Lilikuwa la mtoto wetu mkubwa, kurasa za mwanzo zina hesabu za sehemu. Amesema, "Andika hofu zako humo, mume wangu, mimi nipate usingizi." Nilidhani anatania, mpaka akanikabidhi na kalamu.

Basi hofu ya leo ni hii: gari la Baba limeingia karakana.

Limevutwa kwa kamba katikati ya mvua, mvua ya kwanza ya msimu, Dada akiwa kwenye usukani, amelowa chapachapa, anacheka. Ni gari la siti mbili, fupi, limelala chini, rangi ya kijani iliyokolea, gari la mashindano la enzi za ujana wa Baba. Fundi wa bodi amelinyoosha mwaka mzima, na ukilitazama huwezi kujua kwamba liliwahi kubingirika. Mimi najua. Lilibingirika kwenye kona ya tatu ya barabara ya mlimani, siku ya mbio, na Baba alikuwa ndani. Nilikuwa sijaanza hata shule.

Tangu siku ile lilikaa uani, nyuma ya karakana, chini ya turubai. Mama alikataza mtu yeyote kuligusa, na Mama akikataza kitu kilikatazika. Mwaka juzi Mama alitutoka. Haikupita muda Dada akalifunua turubai.

"Sasa injini," ameniambia, akijikamua maji kwenye nywele. "Nataka irudi kama ilivyotoka kiwandani. Zile karbureta kubwa alizofunga Baba, toa. Kila alichoongeza, toa. Sitaki chembe ya tamaa yake humo ndani. Mvua zikiisha, barabara ikikauka, nitaliendesha mpaka juu kabisa ya ule mlima. Baba hakufika. Mimi nitafika."

Nikamwuliza kama ni lazima.

"Rudia, usianze," akasema.

Rudia ndilo jina wanaloniita watu wote hapa, kwa sababu nikifunga mlango narudi kuuangalia, nikikaza nati narudi kuikaza. Wanacheka, nami nacheka nao. Lakini mtu huyu huyu ndiye aliyepewa kazi ya kumwundia dada yake injini ya gari lililomuua baba yao.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Sikuligusa. Nimetengeneza breki za gari la mwalimu, nikazirudia.

Alhamisi, 7 Machi

Leo tumeitoa injini kwa winchi, mimi na Baba Mdogo. Karakana hii ni yake. Ni mdogo wake Baba, na baada ya ajali ndiye aliyetuchukua, akatulisha, akatusomesha, mimi akanifundisha kushika spana hata kabla sijajua kushika kisu na uma. Injini hii aliiunda yeye mara ya mwisho, wiki moja tu kabla ya mbio. Hakuna mwingine aliyebaki anayejua inavyokaa, inakazwa kiasi gani, ipi ni ya kiwandani na ipi ni ya Baba. Bila yeye siwezi. Macho yake yamepungua, miwani ameifunga waya sikioni, lakini vidole bado vinaona.

Tumeanza kuziba matundu. Nieleze, maana huenda mke wangu akasoma. Ukifungua injini, njia za oili zinabaki wazi na mchanga huingia, kwa hiyo unaziziba kwa vipande vya kitambaa. Mafundi wengi hufanya hivyo. Kwetu tu, kila kizibo hufungwa uzi mwekundu mrefu unaoning'inia nje. Kizibo kikitolewa, uzi wake hutundikwa kwenye msumari wa ubao ulioko ukutani. Injini haifungwi kabla Baba Mdogo hajahesabu nyuzi. Anahesabu kwa kidole, anahesabu tena, halafu, hata zikiwa zimetimia, ananong'ona, "Bado mmoja." Kila mara, kila injini, miaka nenda miaka rudi. Mafundi wote waliopita hapa wanamwiga. Hata nyumbani kwangu mtu akihesabu vijiko, lazima mwingine aseme bado kimoja, tucheke.

Leo injini ilipokuwa inaning'inia kwenye winchi hakutoa mzaha wowote. Alikaa kwenye kigoda chake ameshika miwani.

"Unaumwa, Baba Mdogo?"

"Hapana, mwanangu. Baridi tu."

Hakukuwa na baridi. Kulikuwa na fukuto mpaka shati limenigandia mgongoni.

Jumapili, 10 Machi

Nimemwuliza mke wangu: nati moja ikilegea Dada akiwa kwenye kona, itakuwaje? Akaniambia nilimwuliza mara tatu kama ana hakika anataka kuolewa nami, na hata baada ya ndoa nikauliza ya nne. "Na sijalegea," akasema, akageukia ukutani akalala.

Jumatano, 13 Machi

Pistoni hazitoki. Mafuta ya kulegeza, nyundo ya mbao, subira. Paa linavuja juu ya benchi.

Ijumaa, 15 Machi

Zimetoka. Natamani zisingetoka.

Kila pistoni ina mkono unaoishikilia kwenye kranki, ule mhimili mkuu unaozunguka, na kati ya mkono na kranki kuna beringi, ganda jembamba la chuma laini linaloishi kwa oili. Likikosa oili kwa dakika chache limekwisha. Beringi tatu nimezikuta safi, zinang'aa, zimefanya kazi ya wiki moja tu maishani mwao. Ya nne ilikuwa imeungua, nyeusi na bluu, imegandana na kranki kana kwamba mtu ameichomelea. Hapo ndipo injini ilipojifunga, magurudumu ya nyuma yakasimama ghafla, gari likakosa kona.

Nyumbani kwetu tulilelewa na maneno mamoja. Mama aliyasema mezani, akayasema hospitalini siku zake za mwisho: baba yenu alipenda mwendo kuliko alivyotupenda sisi, aliibana injini mpaka ikamuua. Dada aliyameza mazima.

Lakini ukiibana injini kwa mwendo, beringi zote huchoka. Haiwezekani tatu zibaki bikira na moja ifie peke yake. Moja ikifa peke yake, maana yake oili haikufika pale. Na oili isipofika pale, kuna kitu kimeizuia.

Nimemwonyesha Baba Mdogo. Ameishika ile iliyoungua, ameigeuza geuza, ameirudisha mezani taratibu. "Chuma hakina huruma," akasema, akaenda kunawa mikono. Amenawa muda mrefu sana.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua usiku na mchana. Nimefunga karakana mapema, nikarudi kuangalia kufuli mara mbili, si kwa sababu ya wezi.

Jumanne, 19 Machi

Nimepata.

Baba Mdogo alikuwa nje kibarazani anakunywa chai na fundi wa matairi, wanacheka. Nilikuwa napitisha waya kwenye njia za oili, moja baada ya nyingine. Nyingine zote waya uliingia ukatoka. Njia inayoelekea beringi ya nne, waya uliingia kiasi cha kidole ukagota, ukarudi na unyevu mweusi. Nikakunja ncha ikawa kulabu, nikavua. Kikatoka kitu cheusi, kigumu, kidogo kuliko zabibu moja. Nikakiosha kwenye petroli. Kikafunguka, kikawa kitambaa. Unaonekana mstari mwembamba wa rangi, kama wa shati la mwanamume.

Ni kizibo. Hakina uzi.

Nikainua macho, nikauona ule ubao ukutani na nyuzi zake nyekundu. Maisha yangu yote nimeuona ubao ule na sikuwahi kujiuliza ulianza lini. Kumbukumbu yangu ya kwanza ya karakana hii, baada ya msiba, ni Baba Mdogo akiupigilia msumari.

Kwa hiyo Baba hakuibana injini. Alikuwa anapanda mlima kwa amani yake, na kitambaa kidogo kilikuwa kinasukumwa na oili, kila kilomita kinasogea kidogo, mpaka kikafika penye wembamba kikakaa.

Nikasikia kigoda kinaburuzwa kibarazani. Nikakitia kile kitu kwenye kikopo cha mafuta ya mgando, nikakisukumia ndani kabisa ya droo ya benchi. Baba Mdogo akaingia na kikombe changu.

"Chai yako imepoa, mwanangu. Mbona umekauka hivyo?"

Nikasema tumbo.

Jumatano, 20 Machi

Sikuenda kazini. Nimesema tumbo tena, na safari hii ni kweli.

Ijumaa, 22 Machi

Naogopa mikono yake. Mikono iliyonifunga kamba za viatu.

Leo ameziba matundu ya silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, na kila alipotoka nilipita nyuma yake nikavuta uzi mmoja mmoja kuona kama umefungwa sawasawa. Zote zilikuwa sawa, haikunisaidia kitu. Nikajisemea moyoni, nikimwambia Dada, tumempoteza mzee huyu, na yeye ndiye baba tuliyebaki naye. Nikinyamaza, Dada ataingia kwenye gari lililofungwa na mikono ile ile, yenye macho hafifu zaidi, apande barabara ile ile. Kichwa changu kinazunguka hapo hapo tu.

Baba Mdogo alinikuta navuta uzi wa mwisho.

"Siku hizi unarudia na za kwangu?"

"Mazoea tu, Baba Mdogo."

Akanitazama, akavua miwani, akanitazama tena bila miwani. Akasema, "Vizuri. Endelea kurudia." Hakuwa anatania.

Jumanne, 26 Machi

Dada amekuja. Akampa Baba Mdogo shikamoo yake, akamtania kwamba amenenepa, akanisogezea kigoda akakaa mwenyewe juu ya benchi, kiwiko chake juu ya ile droo. Nilikuwa nasaga valvu na sikuweza kuinua uso.

"Unajua kwa nini nataka kufika juu?" Dada akaniuliza, mara Baba Mdogo alipotoka.

"Kwa sababu wewe ni mkaidi."

Akacheka, halafu akaacha. "Asubuhi ile nilimsindikiza mpaka garini. Nilikuwa darasa la tano, nimeshawatambia wenzangu wote. Nikamwambia, Baba, uwe wa kwanza. Ukiwa wa pili usirudi nyumbani." Akawa anakwaruza grisi kwenye benchi kwa ukucha. "Mama alikuwa akisema alipenda mwendo. Mimi nilikuwa najua mwendo ule aliuongeza kwa ajili ya nani."

Kitu chenyewe kilikuwa pale, chini ya kiwiko chake, unene wa ubao mmoja tu. Neno langu moja lingemtua mzigo aliobeba tangu darasa la tano. Nikafungua mdomo. Kwenye mlango nikamwona Baba Mdogo amesimama na beseni la petroli, hasogei, na sijui amesimama pale tangu lini.

Nikamwambia Dada valvu zinaendelea vizuri.

Mimi ni mwoga. Naandika hivi bila kujitetea.

Jumamosi, 30 Machi

Unyevu umeingia. Silinda zimeota ukungu wa kutu usiku mmoja tu. Nimezifuta, nimezipaka oili, nimezifunika, nimerudi kuzifunua.

Jumanne, 2 Aprili

Kranki imerudi kwa mkerezaji, imesawazishwa, laini kama kioo. Beringi mpya, za vipimo vya kiwandani. Karbureta ndogo za asili Baba Mdogo alizihifadhi muda wote huu ndani ya gunia, zimepakwa grisi. Kila kitu cha asili alikihifadhi. Nimeona gunia lile nikashindwa kumchukia na nikashindwa kuacha kuogopa.

Njia zote za oili nimezipuliza kwa mdomo, moja moja, mpaka nikahisi pumzi yangu upande wa pili. Mke wangu amenikimbia kitandani, anasema nanuka kituo cha mafuta.

Ijumaa, 5 Aprili

Kikopo ni kitupu.

Nilikifungua mchana nikihakikisha, kama ninavyohakikisha kila siku. Kipo mahali pake, kifuniko kimefungwa, ndani hakuna kitu. Nimeitoa droo nzima, nimemwaga misumari sakafuni, nimepapasa chini ya benchi kama kipofu. Baba Mdogo aliaga mapema leo. Alisema anaenda kununua uzi.

Amekichoma kile kitambaa? Dada hataniamini bila kukiona. Na mtu anayejua kwamba mimi najua, kesho nitamtazamaje usoni?

Jumamosi, 6 Aprili

Nimefika wa kwanza, ndivyo nilivyodhani. Kufuli lilikuwa limefunguliwa. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hakunisikia.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni ubao. Kwenye msumari wa pembeni kabisa, ambao siku zote huwa mtupu, kilikuwa kinaning'inia kile kitambaa cheusi. Kimefungwa uzi mwekundu mpya.

Baba Mdogo alikuwa kwenye kigoda ameshika tama. Nikabaki mlangoni, mvua inanipiga mgongoni.

"Ingia, utapata homa," akasema.

Nikaingia.

"Nilichana shati langu la mistari," akasema, hanitazami. "Tulikuwa hatuna matambara safi, na baba yako ana haraka, mbio ni Jumamosi. Nikachana, nikaziba, nikazibua, nikafunga. Hakukuwa na uzi. Nani alikuwa na habari ya uzi? Siku ya msiba watu wakiwa wamejaa nyumbani, nilitoroka nikaja hapa. Nikaokota vile vipande sakafuni. Nikavipanga mezani, kipande kwa kipande, mpaka likawa shati. Kifuani, pembeni mwa mfuko, pakabaki tundu."

"Na hukusema."

"Nikajiambia huenda upepo umekipeperusha. Huenda panya. Mama yako alipokataza gari lisiguswe, Mungu anisamehe, nilishukuru. Maadamu injini haijafunguliwa, kulikuwa na nafasi kwamba si mimi. Nimeishi kwenye nafasi hiyo."

"Ukawaacha watu waseme Baba alikuwa na tamaa ya mwendo."

"Niliwaacha." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama yako akisema mezani, mimi nilikuwa nakula."

Nilimwuliza kitu kimoja tu: kwa nini basi alikubali tuifungue.

"Nimechoka kuogopa, mwanangu. Na dada yako angeipeleka kwa fundi mwingine. Angeioshaje huyo? Angeipuliza kila tundu kwa mdomo kama wewe?"

Nikamwambia amwambie Dada yeye mwenyewe, kabla hajaingia kwenye lile gari. Akaitikia kwa kichwa. Tukafanya kazi mpaka jioni. Nimemwogopa miaka hii yote kama mtoto anavyomwogopa mkubwa, na leo nimeona mkubwa ndiye aliyekuwa anaogopa kuliko sisi sote.

Jumanne, 9 Aprili

Hajasema. Dada alipita, wakazungumza habari za mvua.

Tumefunga injini. Alihesabu nyuzi mara mbili, akanong'ona maneno yake, na mimi kwa mara ya kwanza sikucheka. Uzi ule mwingine upo pale pembeni. Hakuuhesabu, macho yake yaliuruka.

Ijumaa, 12 Aprili

Imewaka. Mara ya pili tu ya kupiga stata. Ilikohoa, ikatoa moshi wa bluu, ikatulia, ikaanza kunguruma taratibu. Geji ya oili ilipanda ikasimama pale inapotakiwa. Nilisikiliza kwa bisibisi, ncha kwenye injini, mpini sikioni, beringi moja moja. Ya nne nimeisikiliza mpaka sikio likapata joto.

Dada aliizunguka akipiga makofi kama msichana. Baba Mdogo akaizima kwa mkono wake.

"Mwanangu," akamwambia, "njoo kwenye ubao."

Alimweleza akiwa amesimama, habari ya shati, ya kitambaa, ya tundu la pembeni mwa mfuko. Hakujitetea hata mara moja. Dada alisikiliza bila kukatiza, na si kawaida yake. Alipomaliza, Dada akanigeukia mimi.

"Ulikuwa unajua siku ile nilipokaa hapa?"

Nikasema ndiyo.

Akachukua kile kitambaa na uzi wake, akakikunja ndani ya kiganja, akaondoka kwa miguu katikati ya mvua. Gari lake la kawaida ameliacha mlangoni, ufunguo ndani.

Jumamosi, 13 Aprili

Hapokei simu.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua imepungua. Mke wangu amempelekea wifi yake chakula, amekuta mlango umefungwa, taa inawaka. Amemsikia anatembea ndani. Baba Mdogo anakuja karakana kila siku, anakaa kwenye kigoda, hashiki kitu. Leo amefuta ubao. Naogopa nitampoteza Dada bila hata mlima kumgusa.

Jumatatu, 22 Aprili

Jua. Dada amekuja asubuhi amevaa ovaroli. Hakumwamkia Baba Mdogo. Amesimama mbele ya gari akasema neno moja, "Fungueni."

"Ipi?" nikauliza, kama mjinga.

"Injini. Yote. Nataka kuona ndani ya kila tundu kwa macho yangu."

Baba Mdogo akainuka, akavaa miwani yake ya waya, akachukua spana.

Alhamisi, 25 Aprili

Siku kama hizi sijawahi kuona. Dada amekaa juu ya benchi kama hakimu, tochi mkononi. Baba Mdogo anafungua, mimi nashusha, Dada anamulika. Akiridhika anasema, "Haya." Ndilo neno pekee tulilolisikia.

Leo tumeirudishia. Kila Baba Mdogo alipotoa kizibo hakuutundika uzi ubaoni, alimpa Dada mkononi. Vidole vyao vikigusana Dada hakuviondoa. Mwishoni alikuwa na fungu zima kiganjani. Akamnyooshea.

"Hesabu, Baba Mdogo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita tangu siku ile. Mzee akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Midomo ikacheza, lakini nilichokisikia ni pumzi tu.

Nikafunga. Sikurudia. Nilikuwa naogopa hata kurudia.

Jumamosi, 27 Aprili

Tulifika chini ya mlima jua likiwa bado la upole. Barabara kavu, kandokando majani marefu ya mvua. Dada akavaa glavu. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba asiende, nimepanga maneno njia nzima, yakaniishia yote mdomoni.

Akafungua mlango wa kushoto akamtazama Baba Mdogo. "Ingia."

Mzee akarudi nyuma. "Mimi?"

"Umeiunda wewe. Ingia."

Akaingia kwa shida, magoti yakamfika kidevuni. Sikujua nilie kwa ajili ya nani. Watu wawili waliobaki wa damu yangu ya juu, ndani ya kile kigari cha kijani, wananipungia mkono. Wakaondoka.

Kutoka pale chini mtu haoni kitu, anasikia tu. Nikasikia kona ya kwanza, akashusha gia, akapandisha. Ya pili. Nikachuchumaa nikashika kichwa. Sauti ikaanza kuinuka kuelekea ya tatu, ikapanda, ikapanda, halafu ikakatika.

Hakukuwa na kishindo. Hakukuwa na kitu. Ndege walikuwa wanalia kwenye majani na mimi nikaanza kukimbia kupanda mlima, mtu mzima mwenye kitambi, nalia kwa sauti, namwita Dada, namwita Baba Mdogo, mwishoni namwita Baba.

Niliwakuta kwenye kona ya tatu. Gari limeegeshwa pembeni vizuri, limezimwa. Dada na Baba Mdogo wamesimama katikati ya barabara wanaitazama ile kona. Nilitamani niwapige wote wawili.

"Mbona ni ndogo hivi," Dada alikuwa anasema. "Miaka yote nimeiona kubwa. Hii hata mtoto angeipita."

"Alikuwa anaipita," Baba Mdogo akasema. "Hakuwahi kuikosa. Hata siku moja."

Dada akaitazama kona tena. Halafu akasema, kwa sauti ile ya darasa la tano, "Kwa hiyo hakuwa anakimbia kwa ajili yangu."

"Hapana, mwanangu. Alikuwa anapanda tu."

Akalia hapo. Baba Mdogo hakuthubutu kumgusa, mikono yake ikabaki hewani, mpaka Dada mwenyewe akamwegemea. Hakusema amemsamehe. Sijui kama amemsamehe. Baadaye akajifuta uso kwa glavu akasema wale wa siti mbili waingie garini, mwenye kitambi apande kwa miguu. Akawasha. Wakafika juu, nikasikia honi.

Nilipanda kwa miguu mpaka juu.

Jumatatu, 29 Aprili

Kazi ya kawaida. Pikapu ya muuza mbao, inakula oili. Dada alipita asubuhi, akampa Baba Mdogo shikamoo, akatoa kile kitambaa cheusi mfukoni akakitundika kwenye msumari wa pembeni. Amesema kikae pale, kisiondolewe. Na zile karbureta kubwa za Baba nisizitupe, nizifungie kabatini. Akaenda zake kazini.

Jioni pikapu ilikuwa tayari kufungwa. Baba Mdogo akaenda kwenye ubao. Nikashika spana nikasubiri, na nilikuwa na hofu, nayaandika haya ili yajulikane. Akahesabu nyuzi kwa kidole. Akafika mwisho, kidole kikasita, kikasogea pembeni, kikagusa ule wa peke yake. Akahesabu tena tangu mwanzo.

Nikasubiri maneno yake.

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Zimetimia," akasema. "Funga."

Nikafunga.